Yakobo wa Mnyuzi, Mwizi wa Kuku

Jumamosi, 8 Juni
Msaragambo tena, kijiji kizima kuitwa kuchimba msingi wa kanisa. Mgongo hauna hali. Wanaume wamekuja wanne, wengine eti wanavuna mahindi. Sisi akina mama mahindi yetu yanajivuna?

Lakini nafurahi. Tumechoka kusali chini ya turubai. Askofu akikubali, litaitwa Yakobo wa Mnyuzi. Si yule wa kwenye Biblia. Huyu ni wetu, Mnyamwezi mkata mkonge aliyefundisha dini kambini jioni. Ndui ilipoingia watu walikimbia, yeye akabaki na wagonjwa mpaka ikamuua. Ndugu hakuwa nao huku. Walimzika watani zake, Wazigua.

Jumatano, 12 Juni
Roho inaniuma. Padre wetu, kijana wa Dar, alikwenda Kwaluguru kwa Bibi Mwanaisha. Alikulia hapa Mnyuzi, na ndiye pekee aliye hai anayemkumbuka Yakobo. Bibi akamwambia Yakobo alikuwa mlafi na mwizi wa kuku. Padre mbio kumpigia Askofu: shahidi anamtuhumu marehemu wizi! Askofu kasema jina lisubiri mpaka aje mwenyewe.

Jamani! Mzigua amsifie Mnyamwezi? Padre anajua utani wa mpira tu, wa makabila hajui. Sasa anataka tuchukue Yakobo Mtume, eti jina si ni lile lile. Nimeondoka bila kumuaga.

Ijumaa, 14 Juni
Basi mpaka Handeni, kisha bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimempa Bibi shikamoo, nimemwomba aje amweleze Askofu ukweli bila utani. Kakataa katakata. Baba yake ndiye aliyerudi akamzika Yakobo, na kwao hawajamsifu tangu siku ile. Kumsifu ni kumfanya mgeni, anasema.

Kikongwe mkaidi. Nimerudi na hasira.

Jumamosi, 22 Juni
Askofu kafika, jiwe la msingi liko tayari, mara Bibi Mwanaisha huyo, kashikwa na wajukuu wawili. Akashuka kwenye mtaro wa msingi, akakaa.

"Hajengewi mtu hapa! Mwizi huyu mnampa jumba? Nataka kuku wangu kwanza!"

Padre uso ukamshuka. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Askofu, Mshambaa wa Vugiri anayeujua utani wetu, alicheka mpaka akavua miwani. Akaniagiza kuku. Nimekimbia nyumbani nikamkamata jogoo wangu mwenyewe.

Bibi alipompakata tu, akaanza kulia. Machozi yalipita kwenye makovu ya ndui usoni mwake. Askofu akachuchumaa, akamuuliza kwa upole, Yakobo aliiba kweli?

"Aliiba, Baba. Nyumbani walishakimbia, mimi mtoto nimelala siwezi hata kuinuka. Akachinja kuku wetu bila kuuliza mtu, akaninywesha mchuzi. Nikapona. Akafa yeye."

Askofu akaweka mkono juu ya jiwe, akalitaja jina: Yakobo wa Mnyuzi. Tulipiga vigelegele, Wakristo kwa Waislamu. Padre kaniomba radhi. Nimemsamehe, ingawa si yote.

Jumapili, 30 Juni
Tumesali juu ya msingi mtupu. Kuta bado. Upepo mzuri.

Bibi Mwanaisha hajarudi Kwaluguru, yuko kwa mjukuu wake hapa Mnyuzi. Ni Mwislamu, kwa hiyo alikaa pembeni na khanga yake kichwani, anasikiliza. Baada ya ibada nilimpelekea chai. Aliniambia Yakobo alikuwa akilia akikumbuka kwao, mbali kule, kwamba hatapaona tena.

Akanywa kidogo. Akautazama msingi wote, pembe hadi pembe.

"Basi kwao ni hapa," akasema. Hakutania.