Kimanga cha Kwa Donald

Voi, Juni 1957

Kwa mpwa wangu mpendwa Mwandawiro,

Pokea salamu nyingi za heshima kutoka kwangu, mjomba wako. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukupongeza kwa kazi mpya ya kuisimamia timu ya magari ya Bwana Merali. Mahindi yamenyauka, lakini mimi ni mzima.

Siku mashindano ya magari yalipopita hapa Voi nilikupikia kimanga cha mihogo na maharagwe, kama marehemu mke wangu alivyofanya kila mwaka ulipokuwa na timu ya zamani. Nilisimama barabarani na bakuli. Ulinipungia mkono, ukapita, ukasimama kwa jirani yangu Donald, kwa kuwa timu yako mpya hujaza petroli kwake.

Jioni Donald aliniita uani. "Mzee Nehemiah, mpwa wako amemaliza sahani mbili za kimanga kwangu. Kwani wewe humlishi?"

Nilicheka naye, kisha nikawapa kuku kimanga changu.

Unisamehe, mwanangu. Kazi yako siionei wivu. Ninayemwonea wivu ni Donald. Mwakani simama kwangu, hata ikiwa ni kwa kunywa maji tu.

Barua hii ataileta Donald mwenyewe akija Mombasa, maana siku hizi yeye ndiye anayekuona.

Mjomba wako,
Nehemiah