Maji ya Moto Kwenye Ngazi

Jumanne, Januari 2005. Jua kali, baridi ya kuua.

Leo jua limewaka tangu asubuhi na siliamini hata kidogo. Kwetu, mtaani Bwiza, jua likiwaka hivi unaanika nguo na kutafuta kivuli. Hapa Quebec ndiyo siku ya kukaa ndani, maana pua inaganda kabla hujafika kituo cha basi. Nchi ambayo hata jua lake linadanganya, mtu atamwamini nani?

Binti yetu Zuhura alinifungulia ukurasa huu wa mtandaoni tulipofika mwezi wa tisa. Alisema niandike nipunguze mawazo. Mpaka sasa nimeandika habari za makoti na vitunguu visivyo na harufu. Leo nina jambo zito. Mume wangu amelala chumba cha pili, mkono umefungwa plasta, na aliyeuvunja ni mimi.

Hajui bado.

Mbele ya mlango wetu kuna ngazi nne za saruji tunazotumia sisi na jirani, mzee anayeitwa Roland. Barafu ilipoanza, kila asubuhi nikifungua mlango nakuta chembe nyeupe zimemwagwa kwenye ngazi, nyingine za buluu. Mtu anamwaga kitu mlangoni kwako alfajiri, bila kukuambia neno. Kwetu hapo huhitaji kuuliza. Nilisoma Ayatul Kursi, nikashika ufagio, nikafagia zote mpaka chini. Kesho yake zimerudi, tena nyingi zaidi. Nikafagia. Akaongeza.

Nikaanza kumvizia nyuma ya pazia. Anatoka na ndoo, anatazama huku na huku, anamwaga kwa mkono kama anayelisha kuku. Siku moja akainua kichwa, akaniona dirishani. Akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililonimaliza.

Wakati wa vita, jirani tuliyekuwa tukila naye pilau ya Idi alikuja mchana kweupe, anatabasamu. Alitaka Baba Zuhura, ambaye ni fundi wa magari, akamtazamie gari mtaa wa juu, dakika tano tu. Sikulipenda lile tabasamu. Alipotoka kumngojea nje, nilifunga mlango na kuuficha ufunguo ndani ya gunia la unga. Baba Zuhura alinitukana mpaka jua likazama. Fundi mwingine alikwenda badala yake, na hakurudi. Tangu siku hiyo nikisema sitaki, mume wangu habishani nami. Nami nikazoea kwamba roho yangu ikisita, ni kweli.

Alhamisi iliyopita chembe zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Nikasema basi, leo yatakwisha. Nilichemsha ndoo nzima ya maji, nikayasomea, nikaosha ngazi zote nne kwa brashi kama tunavyoosha baraza kwetu. Mvuke ulipanda mpaka usoni. Nilirudi ndani nimeridhika, nikaweka chai mekoni.

Nusu saa baadaye Baba Zuhura alitoka. Ilikuwa siku yake ya kwanza gereji, amevaa ovaroli niliyoipiga pasi mwenyewe. Nilisikia kishindo, kisha nikasikia jina langu.

Maji yangu yalikuwa yameganda juu ya ngazi. Sikujua kwamba maji ya moto nayo yanaganda upesi hivyo. Nani angeniambia?

Gereji imesema haitaweza kumngoja. Na yeye tangu siku hiyo ana wimbo mmoja: "Ule muzee alimwanga mayi kusudi nianguke. Nimeona mayi na macho yangu." Kesho anataka Zuhura ampeleke polisi akamshitaki Roland. Na mimi, siku hizi zote, ninapomlisha uji nimekuwa nikiitikia kwa kichwa. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Asubuhi hii Roland alibisha hodi. Kifaransa chake anakitafuna, nusu kinanipita, lakini alikuwa amebeba mfuko wenye picha ya mtu anayeteleza. Akanionyesha kwa mkono jinsi ya kumwaga, akaonyesha barafu inavyoyeyuka. Kisha macho yakamjaa machozi. Alidhani Baba Zuhura ameanguka kwa sababu yeye alimwaga kidogo. Kila siku aliona ngazi tupu, akafikiri chembe hazitoshi, akaongeza. Amekuja kuniomba msamaha.

Mimi! Aniombe mimi!

Nilimshukuru, merci, nikapokea mfuko, nikafunga mlango. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi tu, nikaweka chembe moja kwenye ulimi.

Chumvi.

*

Naendelea, Alasiri imepita.

Nimemwambia. Mkono mmoja haumtoshi kutawadha, kwa hiyo nammiminia maji mimi. Nilikuwa nimeshika birika, yeye ameinama juu ya beseni, na maneno yakatoka yenyewe: chumvi, ufagio, ndoo, yote. Hakuinua kichwa. Maji yalipokwisha akasema polepole, "Kule ulifunga mulango, nikapona. Huku umeosha mulango, nikavunjika. Sasa mi nifanye nini na we?"

 Miaka thelathini na moja ya ndoa, na nilisimama na birika tupu kama mgeni nyumbani kwangu.

Aliswali akiwa amekaa kwenye kiti. Nilidhani hatasema nami tena leo. Alipotoa salamu aligeuka akasema, "Polisi apana. Lakini utamwambia muzee we mwenyewe. Si Zuhura, si mi."

Ningependelea anitukane mpaka jua lizame, kama ile siku ya ufunguo.

Ufagio nimeupeleka chini ya ngazi za ghorofani, nyuma ya masanduku. Sentensi za Kifaransa nimeziandika kwenye karatasi, tatu tu. Nimezisoma kwa sauti mara kadhaa na hata hivyo bado kuna kitu ndani yangu kinauliza: na je, kama Roland naye ana lake? Sijui kitu hicho kitanyamaza lini. Kiliniachia mume hai, siwezi kukifukuza kwa siku moja.

Kesho Roland akitoka na ndoo yake, nitafungua mlango kabla hajatabasamu. Akitabasamu kwanza, najijua, nitarudi ndani.