Pawa Zenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Novemba

Fundi ni mimi, Menza, Malindi nzima! Darasa la saba liliniacha, lakini Wataliano wa hoteli za hapa waliniita profesa. TV kuukuu zinaingia jikoni mwangu, nayeyusha plastiki yake, yatoka maganda ya redio za sola — meusi, yanang'aa kama kipara cha shemeji Mramba. Leo plastiki imebaki. Nimeifanya pawa za kupakulia wali, zawadi kwa jirani, Bi Shahida. Jumamosi anaoza binti. Kila mpini una jina: MENZA. Watu wakila, wajue!

Jumatano, 5 Novemba

Janet wa kiwanda cha redio, Mtwapa, amekuja na sura ya matanga. Baada ya mwaka huu hawanunui tena maganda yangu. Plastiki ya TV kuukuu ati ina dawa ya kuzuia moto, na dawa yenyewe ni sumu. Nikacheka. Dada, huo moshi nauvuta miaka na bado mimi handsome! Akauliza handsome gani anayekohoa hivyo. Redio ni nafuu, akasema, haigusi mdomo. Balaa ni plastiki hiyo ikikutana na chakula cha moto chenye mafuta.

Nikaacha kucheka.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda kumwambia Bi Shahida. Shikamoo, marahaba, nikatiwa halua mkononi. Kabla sijafungua kinywa akanivuta mbele ya wakwe: "Menza wetu ndiye huyu! Nyinyi mna pesa, sisi tuna fundi!" Vigelegele! Nikainama kama bwana harusi. Halua ikapita, neno likakwama.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko, chooni kwa Bi Shahida. Niliingia jikoni kama mkaguzi, nikazoa pawa, nikazitia ndani ya shati. Nimevimba kama mja mzito. Nilipanga nitoroke, ninunue za mbao, nirudi shujaa. Bi Chiku, mpishi mkuu, akaniona, nikajifungia humu.

Anagonga. "We Menza! Waharisha pawa humo?"

Wenzake hoi kwa kicheko. Nikajibu tumbo lanisumbua. Si uongo — mipini yanichoma mbavu.

Nimezihesabu. Upawa mmoja haupo!

"Basi kaa nazo!" Chiku huyo. "Mimi ninao wangu, umo kwenye mafuta ya pilau. Njooni mtazame — jina la fundi laanza kuyeyuka!"

Wanacheka. Nje watoto wa mtaa mzima washakaa mkekani, wanangoja sinia. Na wakwe pia, na Bi Shahida, na vigelegele vyangu vya jana.

Nimeshika komeo —