Wimbo wa Mwasiti

Mwanga,
Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Gasper,

Mwakeye! Hamjambo huko Manila, wewe na wifi yangu Marisel? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi tu wazima, ila Mama miguu inamsumbua tangu masika, na samaki wa migebuka wameadimika sokoni.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha kwa kicheko, na jambo hili halina kicheko.

Albamu ya Marisel imefika hadi huku. Zile nyimbo za zamani za kwao, za enzi za wazazi wake, hatuelewi hata neno, lakini sauti ile, Gasper! Mama alizisikiliza zote huku anapepeta mchele. Ulipofika ule wa mwisho, wa Kiswahili, uliomfundisha wewe na kuandikwa kuwa mtunzi ni Baba, akaweka ungo chini. "Zima," akasema. Nikadhani anamlilia marehemu. Kumbe sivyo.

Siku tatu baadaye redio ya hapa mjini ikaupiga, mtangazaji akijigamba kwamba mwimbaji wa Ufilipino ameimba wimbo wa Mzee Castory wa Kigoma. Jioni akaja Kuruthumu kutoka Ujiji, binti wa Mzee Zubery aliyekuwa akipiga gitaa na Baba kwenye bendi ya vijana wa bandarini. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Baba yangu ameusikia," alisema. "Tangu mchana hajatia kitu mdomoni." Akaenda zake.

Ndipo Mama akanieleza. Mwaka sabini na nane Mzee Zubery alifiwa na mtoto wake wa kwanza, Mwasiti, kwa surua. Alikuwa na miaka minne. Akamtungia wimbo, akauimba mara moja tu mbele ya wenzake. Baba akataka waupeleke ukumbini, mwenzake akakataa. Wiki moja Mzee Zubery alipokuwa Simbo kwa wakwe zake, Baba akaondoa jina la mtoto, akaweka "mpenzi," na watu wakacheza hadi kucha. Mwenye wimbo aliporudi alikuta watu wanaupiga mluzi njiani. Akaacha bendi, hakushika gitaa tena. Sisi tumekua tukiamini aliacha kwa ajili ya dini. Mama alijua miaka yote hiyo.

Ijumaa, baada ya swala, tulikwenda naye Ujiji. Mzee amedhoofu sana, anaongea kwa kupumzika. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mama akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu.

Kisha mzee akasema, "Yule mama wa mbali hana kosa. Ana sauti ya mtu aliyewahi kuzika. Lakini anamwita mwanangu mpenzi."

Nikamuuliza tufanye nini.

"Mrudishieni jina lake. Langu si neno."

Kuruthumu alitusindikiza hadi njiani. Tulipobaki wawili Mama akaniambia, "Umesikia? Hakusema amesamehe." Tangu siku hiyo hataki picha ya Baba iliyo sebuleni iguswe, wala hataki kuitazama.

Gasper, najua ulijivunia. Mimi pia niliimbiwa wimbo huo nikiwa mgongoni mwa Baba, na sijaacha kumpenda. Wala sikuambii uache. Ila mweleze mkeo ukweli wote, usimfiche hata kidogo. Aurekodi upya, aimbe "Mwasiti" pale penye "mpenzi," na kwenye mtunzi waandike Zubery, hata kama yeye hakuomba. Ufanye upesi, kwani mzee tuliyemwona si wa siku nyingi.

Msalimie Marisel kwa upendo, na mtoto umbusu. Shangazi Esther na Mama wanakusalimu. Mama ameomba tu niandike kwamba anasubiri. Mungu ailinde nyumba yenu, na akupe moyo wa kusema lililo gumu. Ukinyamaza, nitamwandikia Marisel mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, na ataelewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hili,

Skolastika