Gari Iliyosimama kwa Mama Dorothée

Albertville (Kalemie), tarehe 14 mwezi wa saba 1963

Ndugu yangu Onésime,

Hapana, usinunue. Niko najibu swali yako mbele ya salamu, unisamehe, lakini uliandika kwamba Monsieur Gérard anakungojea mupaka mwisho wa mwezi, na mimi nakujua, ungefika kwenye mustari wa kumi ukiwa umeshalipa. Sasa salamu. Bibi yako Clémentine hajambo? Kikohozi cha mutoto mudogo kilipona? Na useremala huko misioni ya Moba, mapadri wanakulipa ama wanakubariki tu? Mimi niko muzima wa mwili. Roho njo haiko mahali pake, na utaona sababu.

Umeuliza kama gari ya umeme iko na faida kwa bei kubwa vile. Nitakuambia yangu, halafu utajua ya pili itakuwa namna gani, kwa sababu zilizaliwa pamoja. Monsieur Gérard alikuwa anafunga depo yake arudie kwao, akanionyesha ile shario yenye ilikuwa inabeba marobota ya pamba ndani: ubao wa chuma, magurudumu ine madogo, batiri chini yake. Hakuna moshi, hakuna kunguruma. Bei njo ilinitoa macho. Nilitoa vélo zangu mbili, baiskeli nzima kabisa, radio, cherehani ya bibi yangu Mado, na faranga zote zenye nilikuwa nazo. Kwa bei ile ningepata kamionete ya zamani na pahali pa kuilaza. Mado alisema nimenunua meza yenye kutembea, na siku tatu alinipa chakula juu yake.

Lakini nilikuwa na hesabu yangu. Esanse, mafuta ya magari, inapotea kila wiki, wenye kamionete wanazeeka kwenye mustari na mapipa yao, mimi nachomeka waya kwa jirani, kuran, ule umeme wa maporomoko ya Bendera, inaingia, asubuhi gari imeshiba. Monsieur Gérard aliniambia neno moja tu: hii ilitengenezwa kwa sakafu ya simenti, isipande mulima na muzigo. Nilicheka. Nilimwambia gari ni kama bibi, hakuna mwanaume anafundishwa yake na yule aliyemuacha.

Miezi miwili nilikuwa bwana, Onésime. Wamama wa ndagala pale bandarini walinipenda, kwa sababu samaki yao haikunuka moshi. Siku moja nilimfikia kwa nyuma Papa Jean-Baptiste, yule fundi wa vélo, hakusikia kitu. Alipogeuka na kuniona aliruka ndani ya mufereji na gurudumu ya muntu mukononi. Alinitukana mama na baba, halafu akaomba nimpeleke nyumbani.

Sasa kaa chini, ndugu yangu. Kama umesimama, kaa.

Siku ya Jumanne Papa Urbain alikufa, yule mekanisia wa treni wa zamani, wa barabara yenu. Ni tumbo, tangu Pasaka lilikuwa linamula. Mutoto wake André akanijia na heshima yote. Akasema kamiyo zinafunika nyimbo za wenye kulia, yeye anataka baba yake aende na gari yenye kunyamaza. Nilikubali mbele hajamaliza kusema.

Alhamisi tulitoka. Sanduku juu ya shario, majani ya mitende pembeni, wamama wanaimba nyuma, na kweli ilikuwa muzuri, kila sauti ilisikika. Tukaanza kupanda kwenda makaburini. Katikati ya mulima gari ikaanza kwenda polepole kama muzee mwenye magoti. Halafu ikasimama. Halafu, Onésime, ikaanza kurudi. Nilikanyaga freni, freni ikakataa. Bila sauti hata kidogo, Papa Urbain alikuwa anarudi kwa nyuma, watu wanakimbilia huku na huku, muntu mumoja akapiga kelele, "Anarudi nyumbani!" Gari ilishuka, ikapinda kidogo yenyewe, ikasimama kimya mbele ya mulango wa mama yako.

Ndiyo. Mama Dorothée. Niliomba mukono wangu uandike jina ingine, umekataa.

Nyimbo zilikatika. Unawajua watu wetu: sanduku ikikataa njia na kusimama kwa mulango wa muntu, maiti amemuonyesha mwenye kumuua. Na kila muntu akakumbuka mara moja kwamba wakati wa Pasaka mama yako na Papa Urbain walitukanana kwenye robine ya maji, nani aweke ndoo yake mbele. Kitu ya ndoo, Onésime! Mama yako alikuwa ndani ya wenye kulia, kitambaa cha kilio kiunoni, macho yamevimba. Philomène, dada ya marehemu, akamuvuta kile kitambaa akakitupa chini. "Mulozi! Ulikuja kulia ama ulikuja kuonja?" Mama yako alimuangalia Philomène na kuuliza polepole kama anaota, "Mimi? Nimule Urbain?"

Wanaume walibeba sanduku kwa mabega. Mama yako yuko kwa Masista sasa. Hakuna aliyemupiga, namushukuru Mungu, lakini anakunywa chai tu, na alinikataza kukuandikia. Jumapili ijayo, tarehe 21, njo siku ya kumaliza matanga. André amesema siku ile watabomoa nyumba yake na kumufukuza mutaani, na shefu wa kartie anajifanya ni mugonjwa wa masikio.

Hapa njo nataka usome polepole, na ukimaliza unitukane, niko tayari.

Papa Urbain hakumuonyesha mama yako. Ni mimi. Usiku wa Jumatano sikuchomeka waya, jirani alikuwa amefunga mulango. Na Alhamisi asubuhi, badala ya kuacha gari ipumzike, nilibeba kasiye za bia safari tatu kwa baa moja, nikasema muzee ni mwepesi, atafika. Batiri zilikwenda kwenye maziko na njaa. Na mbele ya mulango wenu unajua vile barabara iko, maji ya robine yameila, imekuwa kama sahani. Kila kitu yenye kurudi nyuma kwenye mulima ule inalala pale.

Ile ni makosa. Dhambi ni hii. Mbele hawajabeba sanduku, André alinigeukia mbele ya watu wote akaniuliza bila hasira, "Lambert, gari yako iko na kosa?" Alikuwa anataka niseme ndiyo. Niliona machoni mwake, alikuwa anatafuta pa kutokea. Lakini wamama wa ndagala walikuwa pale, mwenye baa alikuwa pale, kazi yangu yote ilikuwa imesimama inanisikiliza. Mudomo wangu ukajibu wenyewe, vile unajibu kila siku: "Gari yangu haina kosa hata moja."

Njo maneno yangu yaliyomuhukumu mama yako. Mama aliyenipa ugali miaka yote tulipokuwa tunasoma, mupaka waliponifukuza masomo.

Ijumaa nilienda kwa André kusema kweli. Walicheka. Philomène alisema nimekula pesa ya mulozi, na tangu lini Lambert anasema kitu na wanamuamini? Jana alfajiri nilijaza mifuko ya muchanga, uzito wa muzee na sanduku yake, nikaipandisha na batiri nusu. Mara mbili ilirudi, mara mbili ilisimama kwa mulango wenu. Shahidi yangu ni mbuzi, na yeye hakukaa mupaka mwisho.

Mimi hawataniitikia kikao cha familia. Lakini mutoto wa muntu aliyeshitakiwa akiomba, familia ya marehemu haiwezi kukataa. Ile unaijua kuliko mimi. Basi tufanye biashara. Panda boti ya Alhamisi, kapita wake Emile mwenye kukuletea barua hii atakupa nafasi. Ijumaa uombe kikao. Jumamosi, wote wakiwa pale mulimani, nitapakia muchanga, André mwenyewe ashike usukani, na mimi nitasema kwa sauti kubwa kila kitu chenye nimekuandikia, na zile safari za bia. Kisha ile, hakuna muntu wa Kalemie atakayeweka hata kikapu juu ya gari yangu, najua. Batiri na chuma uchukue wewe, uuze, umutengenezee mama mulango mupya. Ukitaka kunipiga, ngoja kwanza tumutoe kwa Masista, nitakuja mwenyewe.

Kama umekubali, mupe Emile neno moja, "Ndiyo", akupandishe, asiulize zaidi. Kama hukukubali, Jumamosi nitaenda peke yangu kupiga kelele mulimani, lakini ningependa wanipige mbele ya muntu ninayemujua.

Salamu kwa Clémentine na watoto. Mado anawasalimia, bado hajanisalimia mimi.

Ni mimi rafiki yako, kama ungali unataka,

Lambert