Dau la Verret na Lacour

Chicago, 6 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Huku mimi mzima, ila baridi imeshaanza kutung'ata masikio. Mgongo wako unasemaje? Nakuandikia kwa sababu simu umeishinda: nikikupigia unasema "sisikii, sisikii," halafu unakata, na najua unasikia vizuri sana.

Basi nisikie kwa karatasi. Bwana Fontenot jirani yako ameniambia alikukuta umeanguka kwenye bamia zako, jua la saa sita, nawe ukamwambia unapumzika. Baba! Nani anapumzika kifudifudi? Moyo wako daktari alishausema. Tangu Mama afariki uko peke yako kwenye nyumba nzima, na mimi ni nesi, nashinda nikihudumia wazee wa watu huku wangu akiokotwa na majirani. Njoo Chicago ukae nami. Chumba kipo, kina joto, kina dirisha. Nakuomba.

Bintiyo,
Odette

*

Opelousas, 13 Oktoba

Odette mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo nyuma, mahali pake. Bamia hawajambo, wanakusalimia.

Huyo Fontenot ni mtu wa Lacour, chuo hasimu wa Verret yangu, kwa hiyo neno lake likate nusu, kisha nusu hiyo uitupe. Siendi Chicago. Thubutu! Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, na mama yako ndiye aliyechagua rangi ya kila mlango. Nikafanye nini huko, nikatazame theluji?

Lakini nakujua, hutaacha. Na unajua kwetu ugomvi usiokwisha unakwisha vipi. Mimi nilitaka uitwe Ernestine, mama yako akataka Odette, tukawekeana dau la mechi, Lacour yake ikashinda, ukawa Odette. Ulipotaka kwenda kusoma Lacour, kwa maadui kabisa, tuliweka dau, nikashindwa, nikakupeleka mwenyewe na masanduku yako. Nililia njia nzima kurudi, lakini nilikupeleka.

Basi weka dau. Mechi yao ya kila mwaka ya futiboli ya Kimarekani, Jumamosi ile baada ya Sikukuu ya Shukrani. Verret ikifungwa, nafungasha mizigo nakuja. Verret ikishinda, neno Chicago lisikutoke tena, si mdomoni, si kwenye kalamu.

Baba yako,
Ovide Narcisse, Zambarau ya Verret hadi kaburini

*

Chicago, 21 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje, na akili imeamkaje? Maana naona yenyewe bado imelala.

Verret mwaka huu imeshinda mechi moja tu, na hiyo ni kwa sababu basi la wapinzani liliharibika njiani wakafika hoi. Lacour haijafungwa na mtu! Nimekubali dau lako upesi kabla hujapata fahamu. Leta koti zito. Kama huna, nitakununulia la kijani, rangi yetu Lacour.

Uwanjani sitaweza kuja, wodini wamenipanga zamu. Nitatazama kwenye runinga ya wagonjwa. Siku hiyo chukua dawa zako, na usipande zile ngazi kwa mbio.

Bintiyo mshindi,
Odette

*

Opelousas, 22 Novemba

Odette,

Marahaba. Dawa nameza. Ngazi nitapanda nitakavyo.

Hapa mji mzima unanicheka. Kanisani wananishika mkono kama nimefiwa. Jana Fontenot kaja na sufuria la gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia, sura ya huruma, akaniambia, "Ovide, mwambie mtoto ulikuwa unatania. Au basi badili upande, chukua Lacour mwaka huu tu, ulinde nyumba yako."

Nikamwambia, "Fontenot, toka kwangu. Gumbo acha."

Nichukue Lacour! Ningebaki na nyumba, sawa, lakini ndani yake angekaa nani? Si mimi. Babu yako alikwenda Verret kwa miguu, viatu mkononi visichakae. Timu ni mbovu, naona, macho ninayo. Ni mbovu yangu. Koti lako la kijani wapelekee wahitaji.

Baba yako

*

Opelousas, 30 Novemba

ODETTE!

U mzima? Unapumua? Hao wagonjwa wako walikuonea huruma?

Ishirini na tatu kwa ishirini! Nakuhadithia hata kama uliona. Hadi mapumziko tulikuwa tunatandikwa. Ila bendi zilipoingia hakuna aliyebanduka kwenda kununua chakula, unavyotujua, na vijana wetu wa matarumbeta waliwafunika Lacour mpaka watu wa kijani wakasimama kupiga makofi. Nadhani wachezaji wetu walisikia huko ndani wakaona haya.

Halafu mwisho ule. Tuko nyuma kwa pointi tatu, hatua chache tu kutoka mstarini, sekunde zinayeyuka. Kocha angeweza kuagiza teke la pointi tatu, iwe sare, tuongezewe muda. Uwanja mzima unapiga kelele, "Teke! Teke!" Akatikisa kichwa. Nikasema huyo ndiye mwanamume! Yule kijana mwembamba akaukumbatia mpira akajitupa katikati ya lile rundo la watu, na mkono wake wenye mpira ukatokea upande wa pili wa mstari. Pointi sita!

Niliruka, Odette. Nikageukia kiti chako, kile unachokaa ukija, nikutambie, nikakuta bwana mmoja simjui, anatafuna karanga.

Nyumba yangu! Andika unitukane.

Baba yako, BINGWA

*

Huku niliko, 11 Desemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hongera.

Dau ni dau. Huku niliko kazi ni nyingi. Meza dawa.

Bintiyo,
Odette

*

Opelousas, 2 Januari

Odette,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Ndiyo barua hiyo? Hata tusi moja? Mama yako akishindwa alikuwa haongei siku mbili, lakini ya tatu ananichoma maneno mpaka najuta kushinda.

Nakukumbusha: ishirini na tatu kwa ishirini. Jibu.

Baba yako

*

Opelousas, 27 Januari

Odette mwanangu,

Hali yangu nitaieleza bila kupamba. Juzi nimeanguka tena, jikoni. Fontenot hajui. Nimelala sakafuni muda mrefu, na nakwambia kweli, kufa sikuogopa. Kilichonichoma ni kwamba ningekufa kabla sijauona uso wako ulivyonuna kwa kushindwa.

Kila asubuhi nakaa na kahawa yangu nasema kwa sauti, "Ishirini na tatu kwa ishirini," na humu ndani hakuna anayekasirika. Ushindi gani huo? Nimekukumbuka. Nimemkumbuka mama yako. Haya, nimesema, usinirudishe hapo.

Dau lilikufunga mdomo wewe. Mimi halikunifunga. Kwa hiyo nasema mimi: Chicago. Chicago, Chicago! Nakuja. Na asitokee mtu wa Lacour kusema nimeshindwa. Mshindi anakaa anapotaka, nami nimechagua, hakuna aliyenichagulia.

Treni inaingia Jumanne asubuhi. Vaa kijani. Nataka kuanza kukusimanga hapo hapo stesheni.

Baba yako