Sare Yangu na Fundi Saa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo; macho tu ndiyo yanadai mwanga zaidi.

Mchezo wangu wa sataranji na yule fundi saa umekwisha. Kwa miaka miwili na miezi minne tumetumiana hatua kwa kadi za posta, na sura yake siijui mpaka leo. Unakumbuka ahadi uliyonibana niitoe mbele ya mwanangu: nikishindwa, nitaiacha nyumba hii na kuhamia kwake. Basi, sikushindwa. Tumetoka sare.

Najua utasema sare si ushindi. Mwanangu amekwisha kusema hivyo kwenye simu, akaongeza kwamba lori la kuhamisha vyombo litakuja Jumamosi. Nikamjibu lije tu. Dereva atapewa chai, arudi zake. Akasema, Baba, huo ni ukaidi wa kitoto. Nikamkumbusha kwamba kati yetu mtoto ni yeye.

Karani wa posta aliisoma kadi ya mwisho kabla yangu, kama kawaida yake, akaitangazia foleni nzima kwamba mzee hakuliwa.

Sasa nikueleze nililokuficha, maana nilijua mngelishika kama fimbo ya kunichapia. Katika hatua ya thelathini na moja nilikusudia kuipeleka ngome yangu mahali salama. Mkono ukaandika mraba wa jirani, mdomoni mwa malkia wake. Fundi saa ni muungwana: aliirudisha kadi, akauliza kama kalamu haikuteleza, akaniruhusu niandike upya. Nilikataa. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kilichoandikwa ndicho kilichochezwa. Ngome ikaenda. Nikapigana bila yake miezi kumi na mmoja, hadi yeye, kwa pupa ya kunimaliza, akamzibia mfalme wangu kila njia pasipo kumshambulia, nami sikuwa na kete nyingine ya kusogeza. Hapo kanuni husema sare.

Mwambie mwanangu kosa hilo, usimfiche. Aseme nimezeeka; ni kweli. Nimekosea, nimelipia, na bado nimekaa. Sihami.

Msalimie shemeji na wajukuu wote. Barua hii naiposta pamoja na kadi ya kwanza ya mchezo mpya. Mraba nimeukagua mara tatu.

Ni mimi kaka yako,
nyumbani kwangu.